Je, Mchawi Huchagua Viatu?

Methali za Kiswahili nimezifundisha kwa zaidi ya miaka 30, kwanza katika shule za sekondari na baadaye katika chuo cha ualimu, na karibu zote ni rafiki zangu. Moja tu hatujapatana nayo mpaka leo. Ni ile isemayo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Najua walioitunga walikuwa na busara yao. Pengine walitaka kutuonya tusidharau dalili ndogo. Lakini katika shule ya bweni, au katika kijiji ambamo ng'ombe wamekufa mfululizo, methali hiyo hugeuka kuwa shtaka, ushahidi na hukumu kwa pamoja. Mtu akishasemwa, basi. Hakuna anayeuliza aliyesema alijuaje.

Kilichonirudisha kwenye mawazo haya ni kitu ambacho wazee wenzangu huenda wakakicheka. Nilikuwa nimekwenda Geita wakati wa likizo kumtembelea mwanangu. Mjukuu wangu, aliyekuwa kidato cha tatu, alikuwa akitazama katuni za Kijapani kwenye simu, zile ambazo vijana huziita anime. Mimi nilizijua kwa sifa zake mbaya tu: mapanga, mazimwi, na watu wanaorushiana moto huku wakipiga kelele. Akaniambia, "Babu, hii haina vita hata kidogo. Ni ya wanafunzi tu. Njoo uone, si wewe ni mwalimu?" Nikavaa miwani, nikakaa. Maneno ya Kiingereza yalikuwa yakipita chini ya picha, nami nikayasoma kwa sauti kila yalipomshinda. Katika muda wa siku sita tulimaliza sehemu zote 22.

Inaitwa Hyouka. Ilitengenezwa mwaka 2012 na studio ya Kyoto Animation, kutokana na riwaya za Honobu Yonezawa, ambaye riwaya yake ya kwanza yenye jina hilohilo ilitoka mwaka 2001. Wahusika ni wanafunzi wanne wa sekondari katika mji mdogo, wanachama wa klabu ya fasihi ya kale ambayo ilikuwa karibu kufa kwa kukosa watu. Mmoja ni Oreki Houtarou, kijana ambaye hafanyi jambo lolote asilolazimika kulifanya. Mwingine ni Chitanda Eru, binti wa ukoo wa wakulima wenye heshima, ambaye akiona jambo asilolielewa hatulii mpaka lieleweke. Yeye huuliza, na mvivu hulazimika kufikiri. Rafiki zao wawili, Satoshi na Mayaka, husaidia na kubisha.

Hakuna anayeuawa. Hakuna polisi wala bastola. Fumbo la kwanza ni hili: binti alikuwa ndani ya chumba, mlango ukafungwa kwa ufunguo kutoka nje bila yeye kujua, na ufunguo hakuwa nao. Nani alimfungia? Jibu ni mtumishi wa shule aliyekuwa akipita mlango hadi mlango na ufunguo mmoja unaofungua vyote. Fumbo jingine: kitabu kikubwa cha historia ya shule kinaazimwa maktaba kila Ijumaa mchana na kurudishwa siku hiyohiyo, na kila wiki mwazimaji ni mwanafunzi mwingine. Nani anaweza kusoma kitabu kizito namna ile kwa saa mbili? Hakuna. Kilikuwa hakisomwi. Kilikuwa kikiwekwa mbele ya darasa la sanaa ili wanafunzi wakichore, na kilichowatoboa ni harufu ya rangi iliyobaki kwenye jalada.

Kizazi changu kilijifunza upelelezi kwa Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupatia Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, baada ya mswada wake kushinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki. Kisha Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Vitabu hivyo tulivisoma mpaka kurasa zikalegea. Bwana Msa alitufaa sana, maana pale ambapo watu waliona kazi ya mzimu, yeye aliuliza maswali ya kawaida kabisa kuhusu muda, mahali na nani alinufaika. Lakini nilipokuwa nikifundisha vitabu hivyo niliona upungufu mmoja katika vichwa vya wanafunzi wangu. Walidhani kufikiri namna ile ni kazi ya mtu maalumu mwenye kiko mdomoni, na kwamba lazima kwanza apatikane maiti. Hawakuona kwamba akili hiyohiyo inahitajika mtu anapopoteza kalamu.

Hapo ndipo Hyouka iliponigusa. Inasema kwamba jambo dogo la shuleni linastahili kufikiriwa vizuri. Na sababu yake haihusu ujanja peke yake. Kuna sehemu moja ambayo Oreki anamkumbuka mwalimu wake wa Kiingereza wa zamani. Siku moja katikati ya somo helikopta ilipita. Mwalimu akaacha kufundisha, akaenda dirishani, akaitazama. Akawaambia wanafunzi kwamba anapenda helikopta, nao wakaamini hivyo kwa miaka. Lakini helikopta nyingine zilipita siku nyingine, na mwalimu hakuzijali. Basi anafanya jambo ambalo si kawaida yake: anakwenda maktaba kutafuta magazeti ya siku ile. Anakuta kwamba wenzake wa mwalimu huyo katika chama cha kupanda milima walikuwa wamepotea mlimani, na hali ya hewa ilikuwa imezuia helikopta ya uokoaji. Mwalimu alikuwa akitazama kama mbingu zimefunguka. Wenzake hawakupatikana hai. Mjukuu wangu akamuuliza yule kijana wa kwenye simu, kana kwamba angemsikia, kwa nini alijisumbua hivyo. Jibu lipo katika kisa chenyewe: Oreki anaona kuwa si uungwana kuendelea kusimulia kwamba mtu fulani alipenda helikopta, kabla hujajua alikuwa na nini moyoni siku ile.

Mimi nilinyamaza kidogo. Nilitamani maneno hayo yangesikika kwetu Shinyanga miaka 40 iliyopita.

Msomaji asiye wa kanda hii pengine hajui tulipita wapi. Takwimu alizozichapisha mtafiti Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,692 waliuawa Tanzania Bara kwa kutuhumiwa uchawi. Wanawake walikuwa 2,285. Karibu thuluthi mbili ya matukio yalitoka Usukumani, yaani katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga ya wakati ule, na Geita ilikuwa bado wilaya ya Mwanza. Wengi walikuwa bibi vizee, na alama iliyowaponza ilikuwa macho mekundu. Sababu ya macho hayo aijua kila aliyepika kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe: ni moshi. Shinyanga ilikuwa imeishiwa miti kiasi kwamba mwaka 1986 ilibidi kuanzishwe mradi wa Hifadhi Ardhi kuirudishia uoto wake. Bibi aliyekosa kuni alipika kwa alichonacho, akaumwa macho, na macho yale yakawa ndiyo ushahidi dhidi yake.

Nitasimulia jambo moja la mwaka 1983, nilipokuwa mkuu wa shule ya bweni ya wavulana na wasichana mkoani humo. Ulikuwa mwaka wa shida ya bidhaa. Sabuni ilikuwa adimu, na rangi ya viatu ilikuwa haionekani kabisa katika duka la kijiji. Wanafunzi waliokuwa na viatu vya ngozi walivipaka mafuta ya ng'ombe ili visipasuke. Kwa kanuni ya usafi, viatu vyote vilikaa usiku kwenye baraza ya bweni.

Vikaanza kupotea. Katika wiki tano vilipotea viatu 11, tena mguu mmoja mmoja, si jozi. Kufikia wiki ya tatu shule nzima ilikuwa na jibu. Nyuma ya uzio wetu aliishi bibi mmoja aliyeuza karanga. Macho yake yalikuwa mekundu, aliishi peke yake, na usiku fisi walisikika wakilia upande wa nyumba yake. Kwa mtu wa Usukumani hilo la mwisho lilikuwa zito kuliko yote, kwa kuwa katika imani za wengi fisi ni mnyama wa mchawi. Humpanda usiku na kumtuma atakako. Ikasemwa kwamba bibi anachukua mguu mmoja wa kila mwanafunzi ili awafunge miguu wasifaulu mtihani. Nilipopata habari, viranja walikuwa wamekwisha kukusanya shilingi tano tano kwa ajili ya mganga wa ng'ambo ya mto, aje apige ramli amtaje mhusika. Kila mtu alijua atamtaja nani.

Sikuwahutubia. Hotuba dhidi ya ushirikina huingia sikio moja na kutokea jingine, na anayehutubiwa huondoka akiamini kwamba mwalimu ni msomi asiyejua mambo. Niliwaambia viranja kwamba ikiwa mganga anaweza kungoja malipo yake, basi anaweza kungoja wiki mbili. Kisha nikachagua wanafunzi wanne, wavulana watatu na msichana mmoja, nikawapa daftari. Waandike kila kiatu kilichopotea: cha nani, cha kitu gani, kilikuwa wapi, usiku gani.

Siku ya nne yule msichana alikuja ofisini akiwa ameshika daftari. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Naomba kuuliza: mchawi huchagua viatu?" Nikamwuliza ana maana gani. Akanionyesha. Vyote 11 vilikuwa vya ngozi. Kandambili hazikuguswa. Raba hazikuguswa. Katambuga za matairi, ambazo ndizo zilizokuwa nyingi zaidi barazani, hazikuguswa hata moja. Tena walikuwapo wanafunzi wawili wenye viatu vya ngozi ambao kwao walikuwa na rangi ya viatu ya zamani, nao hawakupoteza kitu. Waliopoteza ni waliopaka mafuta. "Sasa kama anataka tusifaulu," akasema, "mbona sisi wa kandambili anatuacha?"

Hilo ndilo swali ambalo ramli haiwezi kuliuliza. Ramli huanza na mtu na kuishia kwa mtu huyohuyo; katikati hakuna kitu cha kuhesabu. Mtafutaji mzuri wa dhahabu huko Geita hafanyi hivyo. Huchukua mchanga wa kijito, huuosha kwenye karai, huhesabu punje zilizobaki, kisha hupanda mbele kidogo na kuosha tena. Punje zikizidi na kuwa na kona kali, mwamba uko karibu. Zikikatika ghafla, ameupita. Kwetu Shinyanga mwanajiolojia John Williamson kutoka Kanada alihangaika kwa miaka kabla ya kuupata mwamba wa almasi wa Mwadui mwaka 1940, na mwaka 1947 ukatoa almasi ya waridi ya karati 54.5 ambayo alimzawadia Malkia Elizabeth alipoolewa, wakati huo akiwa bado binti mfalme. Aliyefuata alama za ardhini alifika. Nimewajua pia watu waliomlipa mganga awaonyeshe pa kuchimba duara, wakachimba mpaka fedha na nguvu zikaisha.

Wanafunzi wangu nao wakafuata punje. Waliokota vipande viwili vya ngozi kuukuu, kimoja wakakipaka mafuta na kingine wakakiacha kikavu, wakaviweka barazani na kunyunyiza majivu yaliyochekechwa kuvizunguka. Asubuhi cha mafuta hakikuwapo, cha kavu kilikuwapo, na kwenye majivu palikuwa na nyayo za fisi. Wakazifuata mchana pamoja na mlinzi hadi kwenye korongo, wakaokota kisigino na vipande vya ngozi iliyotafunwa.

Ingekuwa mahali pengine, hadithi ingeishia hapo. Lakini mvulana mmoja kati ya wale wanne, kijana makini, aliinua mkono. "Mwalimu, kwamba ni fisi tumeona. Lakini fisi huyo ni wa nani?" Wenzake hawakucheka, nami sikucheka. Kwa imani aliyolelewa nayo swali lake lilikuwa la haki kabisa. Tena sasa hali ya yule bibi ilikuwa mbaya kuliko mwanzo, maana tulikuwa tumethibitisha kwamba fisi anahusika. Mwalimu akimcheka mwanafunzi hapo amempoteza, na atabaki na jibu lake alilotoka nalo nyumbani. Nikamwuliza, "Kama ametumwa na mtu anayetaka kuwafunga miguu, angefanya nini tukiacha kupaka mafuta?" Akafikiri. Akasema, "Angekuja tu. Anayetumwa haangalii mafuta."

Basi tukapima hivyo. Kwa siku kumi viatu vyote vya ngozi vilifutwa kwa mchanga na kitambaa mpaka vikakauka, vikawekwa barazani palepale. Hakikupotea hata kimoja. Usiku wa kumi na moja wakaweka kipande kimoja chenye mafuta juu ya jiwe, mbali na viatu, karibu na shimo la taka. Asubuhi hakikuwapo. Yule kijana mwenyewe ndiye aliyeandika daftarini kwamba fisi anafuata mafuta, hafuati amri.

Jumatatu wakasoma daftari lote mbele ya shule, usiku kwa usiku. Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa kimya kama watu wanaofanya hesabu kichwani. Michango ya mganga ikarudishwa, ikapungua shilingi 15 ambazo hazikupata maelezo, nami fumbo hilo niliwaachia viranja walimalize wenyewe.

Kilichobaki akilini mwangu zaidi kilitokea jioni ile. Yule msichana aliomba ruhusa kwenda kununua karanga kwa bibi. Aliporudi hakuwa na furaha niliyoitarajia. Alisema alimwamkia kwa Kisukuma, akamwita mayu, naye bibi akamtazama kwa muda kabla ya kuitikia. Kwa wiki kadhaa hakuna mwanafunzi aliyekuwa amefika pale. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemwambia neno. Wateja waliacha tu kuja, na watoto waliacha kumwamkia. Akajua. Ndani ya nyumba msichana aliona kinu kikubwa kimesukumwa karibu na mlango, akauliza kwa nini kiko pale. Bibi akamwambia kwamba usiku hulala ameuegemeza mlango kwa kinu.

Tulikuwa tumeshughulika na viatu 11 na nyayo za fisi. Yeye alikuwa akingoja panga.

Sasa nirudi kwenye katuni, kwa kuwa jina lake lenyewe ni fumbo la mwisho. Mjomba wa Chitanda alikuwa mwanafunzi wa shule ileile zamani. Shule ilitaka kufupisha tamasha la wanafunzi, wanafunzi wakagoma, na katika vurugu jengo moja likaungua. Lazima apatikane wa kulipa. Kijana huyu alikuwa amewekwa mbele kama kiongozi kwa jina tu; wenzake waliokuwa nyuma yake wakanyamaza, naye akafukuzwa shule peke yake. Baadaye wakamsifu kama shujaa, jambo ambalo kwao lilikuwa rahisi kuliko kumtetea. Kabla ya kuondoka aliliachia jarida la klabu jina la Hyouka, neno la Kijapani la vitu vitamu vya barafu. Kwa miaka mingi hakuna aliyeelewa kwa nini. Mpaka wale wanne walipoligeuza kwa Kiingereza na kupata aiskrimu, neno ambalo Mwingereza akilisikia likitamkwa polepole husikia mtu anasema: napiga ukelele. Hakuweza kulia mbele za watu, akakificha kilio chake ndani ya mzaha, akitumaini kwamba siku moja atatokea mtu wa kuuliza.

Nilipolifahamu hilo nilikumbuka kile kinu nyuma ya mlango. Anayesingiziwa mara nyingi hapigi kelele. Akipiga, husemwa kwamba hasira yake ni dalili ya hatia. Akinyamaza, kimya chake ni kukiri. Hivyo huacha alama ndogo tu, na alama hiyo huonekana kwa mtu aliyezoea kuuliza kuhusu vitu vidogo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba mafumbo ya kiatu na kitabu cha maktaba ni mchezo wa watoto walioshiba. Ni mazoezi. Mtu ambaye hajawahi kujizuia kumtaja mwizi wa kalamu, atawezaje kujizuia siku ambayo amefiwa na mtoto?

Asifikiri mtu kwamba hili ni tatizo la Wasukuma. Studio iliyotengeneza Hyouka iliteketezwa kwa moto tarehe 18 Julai 2019 huko Kyoto. Waliokufa ni 36, na mmoja wao ni Yasuhiro Takemoto, mwongozaji wa Hyouka yenyewe. Aliyewasha moto alikuwa ameshikilia kwamba studio imeiba mawazo ya riwaya zake. Mwezi Januari 2024 mahakama ilimhukumu kifo, baada ya kuona kwamba wizi huo ulikuwa kichwani mwake tu. Japani ina reli, viwanda na maktaba kuliko sisi, na bado dhana ya mtu mmoja ambayo haikupimwa iliwaua watu waliokuwa wakiwafundisha vijana kupima dhana. Mjukuu wangu ndiye aliyenieleza habari hiyo. Tulikaa kimya mpaka mama yake akatuita kula.

Nchini kwetu serikali ilipiga marufuku wapiga ramli mwezi Januari 2015, baada ya miaka ya mauaji ya watu wenye ualbino katika kanda hii ya ziwa, mauaji yaliyochochewa na uongo kwamba viungo vyao huleta bahati ya dhahabu na samaki. Sheria ya Uchawi tunayo tangu mwaka 1928. Naziunga mkono sheria, lakini nimekaa darasani muda mrefu kiasi cha kujua kwamba sheria humkuta mtu akiwa ameshaamua. Shule humkuta mapema zaidi. Na siku hizi, ambapo tetesi haihitaji tena kutembea kwa miguu kutoka bweni hadi bweni bali huingia katika simu mia kwa dakika moja, mwalimu ana haraka kuliko niliyokuwa nayo mimi.

Kwa walimu vijana waliopita mikononi mwangu chuoni nilikuwa nikitoa ushauri mmoja usiogharimu kitu. Jambo likitokea shuleni, chukua daftari, chora safu tatu. Ya kwanza andika tulichoona, ya pili tulichosikia, ya tatu tunachodhani. Waache wanafunzi wenyewe wabishane kila sentensi iingie wapi. Utashangaa jinsi safu ya kwanza inavyokuwa fupi siku ya kwanza, na jinsi wanavyoanza kuona haya kuiacha ikiwa tupu. Na mwanafunzi akikuambia kwamba lisemwalo lipo, usigombane naye wala usiidharau methali ya wazee. Mwambie ni kweli lipo, kisha umwonyeshe safu yake, ambayo ni ya pili.